Sanduku ni Nusu ya Spika

Wewe uliyelisikia somo hili katika redio, sasa waweza kulisoma kwa utaratibu, mstari kwa mstari. Na wewe uliyekuwa kazini au shambani saa ile, hukupitwa na kitu. Kaa na wenzako mlisome kwa zamu, na anayesoma upesi amngojee mwenziwe.

Leo tunasoma historia. Mara nyingi tukitaja historia, watu hufikiri habari za wafalme, vita na mikataba. Lakini hata vyombo tunavyotumia kila siku vina historia yake, na historia hiyo yaweza kukuokolea fedha. Leo tutazungumza habari za sanduku la spika, hasa sanduku la sabufa katika motokaa. Sabufa ni spika kubwa ya kutoa sauti nzito, zile sauti za chini ambazo huzisikii kwa masikio tu, bali hata kifuani.

JIRANI YANGU NA SPIKA YAKE

Nina jirani ambaye ni dereva wa daladala. Alijinyima, akaweka fedha kidogo kidogo, mpaka akanunua sabufa ya inchi 12. Seremala akamtengenezea sanduku kwa kukadiria nafasi iliyokuwa chini ya kiti cha nyuma. Akakata na tundu moja la duara mbele, akalitia kipande cha bomba, kwa sababu alikwisha kuona masanduku mengine yana bomba.

Basi, wakawasha muziki. Wimbo wowote ukipigwa, sabufa ilisema neno moja tu: bu, bu, bu. Gitaa la besi likipanda, bu. Likishuka, bu. Jirani yangu akarudi dukani kuuliza. Muuzaji akamwambia, "Nguvu haitoshi. Nunua amplifaya kubwa zaidi." Akanunua. Sauti ikawa ile ile, ila kelele ziliongezeka. Baada ya siku chache ikatoka harufu ya kuungua, na spika ikanyamaza kabisa. Fedha ya amplifaya ile ilikuwa imewekwa kwa ajili ya sare na madaftari ya watoto.

Kosa halikuwa la spika, wala halikuwa la nguvu. Kosa lilikuwa la sanduku. Na jambo la kusikitisha ni hili: ndani ya katoni ya spika ile mlikuwa na karatasi inayoeleza sanduku linalofaa. Jirani yangu hakuisoma, kwa sababu wakati ule alikuwa hajui kusoma. Tutarudi kwake baadaye. Kwanza tutazame jinsi watu walivyojifunza, kwa muda wa miaka mingi, kwamba sanduku ni nusu ya spika.

KWA NINI SPIKA INATAKA SANDUKU?

Fikiri habari za ngoma. Chukua ngozi kavu ya mbuzi, uishike hewani, uipige. Utasikia nini? Utasikia kofi tu. Sasa iwambe ngozi ile ile juu ya mzinga wa mti, uipige tena. Italia. Ngozi ndiyo inayopigwa, lakini bila ya mzinga hakuna ngoma.

Spika nayo ni hivyo. Ndani yake mna sumaku, na mna koili ya waya mwembamba iliyoshikana na karatasi ngumu ya mviringo. Karatasi hiyo mafundi huiita koni. Umeme wa muziki ukipita katika koili, koni huenda mbele na nyuma, ikaisukuma hewa. Hewa ikitikisika, tunasikia sauti.

Lakini angalia jambo moja. Koni inaposukuma hewa ya mbele, wakati ule ule inavuta hewa ya nyuma. Sauti ya mbele na sauti ya nyuma ni kinyume. Zikikutana huuana, kama watu wawili wanaosukuma mlango mmoja, mmoja yuko ndani na mwingine yuko nje. Mlango hausogei.

Sauti nyembamba haipati hasara kubwa, kwa kuwa mawimbi yake ni mafupi. Sauti nzito ndiyo inayopata taabu. Sauti husafiri hewani kiasi cha mita 343 kwa sekunde. Sauti nzito yenye mitetemo 40 kwa sekunde ina wimbi lenye urefu wa zaidi ya mita 8 na nusu. Wimbi refu kama hilo huzunguka ukingo wa spika kwa urahisi, likakutana na mwenziwe. Ndiyo maana spika iliyo wazi, isiyo na ubao wala sanduku, hutoa sauti kavu isiyo na uzito.

Basi kazi ya kwanza ya sanduku ni kuitenga sauti ya nyuma na sauti ya mbele. Likumbuke jambo hili, maana mengine yote yametoka hapo.

KUTOKA TARUMBETA MPAKA KONI

Vipaza sauti vya zamani vilitumia tarumbeta. Mwaka wa 1915, huko California katika Marekani, Peter Jensen, mzaliwa wa Denmark, pamoja na mwenzake Edwin Pridham, walionyesha chombo chao mbele ya watu. Wakakiita Magnavox, maana yake kwa Kilatini ni "sauti kuu". Kilikuwa na mdomo mpana kama wa tarumbeta. Tarumbeta huikuza sauti vizuri, lakini ina sharti gumu: ukitaka itoe sauti nzito sana, yapasa iwe kubwa mno. Nani atakayeingiza tarumbeta ya ukubwa wa chumba ndani ya nyumba yake?

Mwaka wa 1925 wataalamu wawili wa kampuni ya General Electric, Chester Rice na Edward Kellogg, walitangaza spika ya namna nyingine. Haikuwa na tarumbeta. Ilikuwa na koni na koili, na ubao uliozuia hewa ya mbele isikutane na hewa ya nyuma. Spika nyingi tunazotumia leo, katika redio, katika televisheni na katika motokaa, ni uzao wa spika ile. Lakini ubao mtupu nao ulikuwa na shida yake. Ili kuzuia mawimbi marefu, ulitakiwa uwe mpana sana. Watu wakaanza kufikiri: tufanye nini ili kifaa kiwe kidogo na sauti nzito isipotee?

Swali hilo lilipata majibu mawili makubwa.

JIBU LA KWANZA: SANDUKU LENYE TUNDU

Chukua chupa tupu. Puliza juu ya mdomo wake. Utasikia sauti moja, kama honi ya meli iliyo mbali. Tia maji kidogo, upulize tena. Sauti imepanda, kwa sababu nafasi ya hewa imepungua. Hermann von Helmholtz, mtaalamu wa Ujerumani, alieleza mambo ya namna hii katika kitabu chake cha habari za sauti cha mwaka wa 1863. Alionyesha kwamba chombo chochote chenye hewa ndani na shingo wazi kina sauti yake maalumu.

Albert Thuras wa maabara ya Bell, huko Marekani, aliitumia kanuni hiyo katika spika. Aliomba hati ya uvumbuzi wake mwaka wa 1930, akaipata mwaka wa 1932. Badala ya kuiua sauti ya nyuma, aliitumikisha. Alikata tundu katika sanduku, ili hewa iliyo katika tundu itikisike pamoja na koni na kuisaidia katika sauti za chini. Ni werevu mkubwa, maana sauti iliyokuwa adui imefanywa msaidizi.

Lakini sanduku la namna hii halitaki kubahatisha. Sanduku dogo hupandisha sauti yake maalumu. Tundu pana huipandisha pia. Bomba refu huishusha. Ukikosea vipimo, sanduku litapaaza sauti moja kuliko zote, na kila wimbo utakuwa bu, bu, bu. Sasa umekwisha kujua ugonjwa wa sabufa ya jirani yangu.

JIBU LA PILI: SANDUKU LILILOFUNGWA KABISA

Chukua pampu ya baiskeli. Ziba tundu lake kwa kidole, kisha usukume mpini. Mpini unarudi. Hewa iliyofungiwa imekuwa kama springi.

Edgar Villchur alikuwa mwalimu wa mambo ya sauti katika Chuo Kikuu cha New York. Wakati ule koni za spika zilishikiliwa na kingo ngumu ili zirudi mahali pake. Villchur alifanya kinyume. Aliilegeza koni, akaifungia katika sanduku dogo lisilovuja, akaiacha hewa ya ndani ifanye kazi ya springi. Ndani akatia sufi ya kioo. Mwaka wa 1954 yeye na mwanafunzi wake wa zamani, Henry Kloss, walianzisha kampuni ya Acoustic Research, na spika yao ya kwanza ikaitwa AR-1. Lilikuwa sanduku linaloweza kukaa juu ya rafu, lakini sauti yake nzito ilishinda ya makabati mengi makubwa ya siku zile.

Watu walidhani sauti kubwa lazima itoke katika kabati kubwa. Mwalimu yule aliwaonyesha kwamba kinachotakiwa ni spika na sanduku kupatana.

KUBAHATISHA KUNAPATA DAWA

Hata hivyo, kwa miaka mingi mafundi waliendelea kukata mbao, kusikiliza, kukata tena na kusikiliza tena. Mwaka wa 1961 mhandisi wa Australia, Neville Thiele, aliandika maelezo ya namna ya kupiga hesabu ya sanduku lenye tundu kabla ya kugusa msumeno. Maandiko yake yalichapwa tena Marekani mwaka wa 1971, na hapo ndipo watu wengi duniani walipoyasoma. Richard Small wa Chuo Kikuu cha Sydney akaiendeleza kazi hiyo katika miaka ya mwanzo ya 1970.

Kwa sababu ya wataalamu hao wawili, leo sabufa nyingi huuzwa pamoja na karatasi ya vipimo. Karatasi hiyo husema spika inapenda kutikisika mara ngapi kwa sekunde, na mara nyingi husema inataka sanduku la lita ngapi. Hiyo ndiyo karatasi ambayo jirani yangu aliiacha ndani ya katoni.

SPIKA INAINGIA KATIKA MOTOKAA

Redio ya motokaa iliyoitwa Motorola ilianza kuuzwa Marekani mwaka wa 1930 na kampuni ya Paul Galvin. Mwaka wa 1974 watazamaji wa filamu ya Earthquake walitikiswa vitini na sabufa kubwa zilizowekwa ndani ya majumba ya sinema. Katika miaka ya 1980 vijana wa Marekani, hasa wa mji wa Miami, walijaza sabufa katika magari yao. Huku kwetu, matatu za Nairobi zimekuwa maarufu kwa muziki wake, na daladala nazo hazikubaki nyuma.

Motokaa ina jambo moja la kutusaidia. Ni chumba kidogo kilichofungwa. Mawimbi ya sauti nzito ni marefu kuliko gari lenyewe, kwa hiyo spika huibana hewa yote ya ndani kwa pamoja, na sauti za chini kabisa huongezeka nguvu. Kwa sababu hiyo, sanduku lililofungwa, hata likiwa dogo, laweza kutosha katika gari dogo. Mwenye haraka ya kununua nguvu zaidi hulipia kitu ambacho gari lake tayari linampa bure.

JIRANI YANGU ANAPIGA HESABU

Baada ya hasara ile, jirani yangu alijiandikisha katika darasa la watu wazima. Aliona haya mwanzoni, lakini kuuliza si ujinga. Siku moja alikuja kwangu na karatasi iliyokunjika. Alikuwa amenunua sabufa nyingine, ya namna ile ile. Akaniambia, "Mwalimu, hapa nasoma lita 50. Lita za nini? Spika hainywi maji."

Tukacheka, kisha tukachukua futi kamba. Sanduku lake la zamani, likipimwa kwa nje, lilikuwa na lita 42 hivi. Lakini hewa haikai ndani ya ubao. Tukapima kwa ndani: urefu sentimita 40, upana 30, kina 25. Fanya hesabu nasi:

40 mara 30 ni 1,200.
1,200 mara 25 ni 30,000.

Sentimita za ujazo 1,000 ni lita moja. Basi 30,000 ni lita 30. Spika yenyewe hukalia kiasi cha lita 3, na bomba lita 2. Zilizobaki ni lita 25. Spika ilitaka lita 50, ikapewa nusu!

Akamwambia seremala atengeneze sanduku lenye vipimo vya ndani vya sentimita 50, 40 na 28. Hizo ni lita 56. Toa lita 3 za spika, lita 2 za bomba, na lita 1 ya kipande cha mti cha kukaza mbao. Zinabaki lita 50 kamili. Urefu wa bomba na upana wake wakaufuata ulioandikwa katika karatasi. Sanduku halikuingia tena chini ya kiti, likahamishiwa nyuma kabisa.

Walipowasha muziki, gitaa la besi lilipopanda, sabufa ilipanda nalo. Liliposhuka, ilishuka. Jirani yangu hakusema neno. Aliizima, akaiwasha tena, kama mtu asiyeamini.

MAMBO YA KUFANYA KABLA YA KUTOA FEDHA

Kama una sabufa isiyokuridhisha, yafuate mambo haya moja baada ya jingine.

1. Soma karatasi ya spika. Pima sanduku kwa ndani, upige hesabu ya lita.

2. Tafuta mahali panapovuja. Muziki ukiwa unalia, pitisha kijiti cha udi karibu na maungio na karibu na waya zinapoingilia. Moshi ukitikisika ghafula, hapo pana mwanya. Uzibe kwa gundi ya mbao au silikoni, uache ikauke kabisa.

3. Gonga mbao kwa kidole. Zikilia kama debe, ni nyembamba. Ubao mzito wa MDF au plaiwudi nzuri, wenye unene wa milimita 18, hufaa. Kaza ndani kwa kipande cha mti kutoka upande mmoja mpaka wa pili.

4. Katika sanduku lililofungwa, tia pamba ya mito kwa kiasi, bila kuishindilia. Spika itajiona kama imo katika sanduku kubwa kidogo zaidi. Katika sanduku lenye bomba, bandika pamba kwenye kuta tu, wala usizibe bomba.

5. Kama una sabufa mbili, hakikisha waya zake zimefungwa namna moja, chanya kwa chanya na hasi kwa hasi. Moja ikisukuma na nyingine ikivuta, sauti itakufa, kama tulivyosema mwanzo.

6. Sikiliza gari lenyewe. Kibao cha namba na mlango wa nyuma vikicheza, kelele hiyo si besi. Tia vipande vya sponji.

Ukiyamaliza haya, na sauti bado haitoshi, ndipo ufikiri habari za amplifaya.

NENO LA MWISHO: MASIKIO

Taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, iitwayo NIOSH, inashauri mfanyakazi asikae zaidi ya saa 8 katika kelele za desibeli 85. Kelele zikifika desibeli 100, muda huo unapungua kuwa dakika 15 tu. Abiria hushuka kituoni. Dereva na utingo hubaki mle tangu alfajiri mpaka usiku, na sikio lililoharibiwa na kelele halirudi. Wazee walisema ngoma ikivuma sana hupasuka. Sanduku zuri lina faida hii pia: sauti yake husikika safi hata ikiwa ya chini, kwa hiyo huna haja ya kuipandisha mpaka mwisho.

Basi, ndugu msomaji, tangu tarumbeta ya mwaka wa 1915 watu wameitafuta sauti nzito kwa kupima, kuandika na kusoma yaliyoandikwa na wenzao. Wewe nawe sasa unasoma. Ukifungua katoni yoyote, ya spika, ya dawa au ya mbolea, itoe kwanza karatasi iliyomo.

MASWALI YA KUZUNGUMZA DARASANI

1. Kwa nini sauti ya mbele ya spika huuawa na sauti ya nyuma?
2. Thuras alifanya nini mwaka wa 1930? Villchur alifanya nini mwaka wa 1954? Majibu yao yalitofautiana vipi?
3. Sanduku lina vipimo vya ndani vya sentimita 45, 40 na 20. Lina lita ngapi kabla ya kutoa nafasi ya spika?
4. Je, umewahi kupata hasara kwa sababu ya karatasi ambayo hukuweza kuisoma? Waeleze wenzako.

Kwaherini, mpaka juma lijalo.